Kuchora mandhari na miji kwa kufuata mwanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wanaochora mandhari na miji huyarudia tena na tena, wawe ndio kwanza wameshika brashi au wameshajaza madaftari kadhaa. Yameanza na ya msingi na kuishia kwenye yale magumu. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimeelekeza pa kusoma badala ya kurudia.

## Kuanza

Je, ni lazima nisafiri mbali ndipo nichore mandhari nzuri?

Hapana. Mahali pageni hupendeza kuchora kwa sababu macho yako bado hayajajua kipi cha kupuuza. Nyumbani umeshaacha kuuona ukuta wa jirani; ugenini unauona ukuta, ufa wake, na kivuli cha mti kilichoulalia. Ukiyazoeza macho kutazama hivyo, ukuta wa jirani unatosha.

Claude Monet alithibitisha hilo kwa marundo ya ngano. Kati ya 1890 na 1891 alichora takriban picha 25 za marundo yaliyokuwa shambani karibu na nyumba yake huko Giverny, Ufaransa. Rundo ni rundo. Kilichobadilika ni saa, msimu na hewa, na kila badiliko lilimpa picha mpya.

Hata hivyo safari ina zawadi yake: hukukutanisha na mwanga usioujua. Eugène Delacroix alikwenda Morocco mwaka 1832, akarudi na madaftari yaliyojaa michoro na maelezo ya rangi, na akaendelea kuyachota hadi mwisho wa maisha yake. Paul Klee alikaa Tunisia takriban wiki mbili tu, Aprili 1914, na ni huko alikoandika kwenye shajara yake kwamba rangi imemtwaa. Wiki mbili zinatosha kumgeuza mchoraji, mradi azitumie kutazama.

Sina mkono mzuri wa penseli. Naweza kuanza na rangi moja kwa moja?

Unaweza. Unachohitaji mwanzoni ni kupima, maana urembo wa mstari utakuja wenyewe. Nyoosha mkono, shika brashi wima, funga jicho moja, kisha linganisha: je, urefu wa mnara ni mara ngapi ya upana wa jengo lililo chini yake? Vipimo vitatu au vinne vya namna hiyo vitaiokoa picha yako kuliko saa nzima ya kuchora madirisha kwa penseli.

Nianze na rangi za maji, guashi, akriliki au mafuta?

Rangi za maji ni nyepesi kubeba na hukauka kwa dakika chache. Ugumu wake ni kwamba weupe wa karatasi ndio mwanga wako: ukishaufunika, haurudi. Unaanza na sehemu nyepesi na kwenda kwenye giza, na lazima ujue mapema utakapoacha karatasi wazi. Tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwani nyembamba zaidi hujikunja mara inapolowa.

Akriliki hukauka haraka na huwa nyeusi kidogo ikikauka, jambo linalowasumbua wengi wanapojaribu kulinganisha rangi ya jana na ya leo. Rangi za mafuta hubaki mbichi kwa siku kadhaa, hivyo unaweza kulainisha mpaka wa wingu bila haraka, lakini kuzisafirisha ni kazi (tazama swali la picha mbichi, karibu na mwisho).

Ukiniuliza mimi, anza na guashi. Inachanganywa na maji, inabebeka kama rangi za maji, lakini inafunika, kwa hiyo ukikosea kivuli unakipaka upya. Anayejifunza mwanga anahitaji ruhusa ya kukosea.

Rangi ngapi zinatosha?

Nyeupe na nyingine sita au saba. Chukua manjano mbili, moja inayoelekea limau na nyingine inayoelekea chungwa. Nyekundu mbili, moja ya moto na nyingine inayoelekea zambarau. Buluu mbili, ultramarini na ile ya Prussia au ya thalo. Ongeza siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia inayoelekea wekundu. Ultramarini na siena iliyochomwa zikichanganywa hutoa kijivu cha kila aina, kuanzia cha mawe yenye joto hadi cha mawingu ya mvua, pamoja na giza zito kuliko unavyodhani.

Nyeusi iache kando mwaka wa kwanza. Si kwamba ni rangi mbaya: Anders Zorn wa Sweden anajulikana kwa picha alizozichora kwa rangi nne tu, na nyeusi ilikuwa mojawapo, akiitumia karibu kama buluu. Tatizo ni kwamba anayeanza huitumia kutengenezea vivuli, na vivuli vyake vinakufa.

## Kuuona mwanga

Watu husema "chora mwanga, usichore vitu". Maana yake hasa ni nini?

Maana yake ni kwamba uamuzi wa kwanza wa picha ni wa mwanga. Kabla ya kujiuliza "hiki ni nini?", jiulize: mwanga unatoka wapi? Una rangi gani? Ni sehemu kiasi gani ya ninachokiona imo kwenye jua, na kiasi gani imo kivulini?

Mwaka 1892, kisha tena 1893, Monet alipanga vyumba vilivyotazamana na kanisa kuu la Rouen. Alichora uso wa kanisa lile lile zaidi ya mara 30, akibadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika, kisha akazimalizia picha kwenye karakana yake mwaka 1894. Jiwe ni lile lile la kijivu. Lakini kwenye picha hizo asubuhi ni buluu, mchana ni krimu na dhahabu, jioni chungwa linakaa kwenye mashimo ya mapambo. Ukizitazama chache kwa pamoja unaelewa kwamba rangi ya jengo haipo. Ipo rangi ya jengo saa fulani.

Kwa vitendo, finya macho hadi maelezo madogo yapotee. Utabaki na koo mbili, yaani familia mbili za maumbo: ukoo wa mwanga na ukoo wa kivuli. Zichore hizo kwanza kwa madoa mawili tu, kisha ushike sheria moja: katika eneo moja la picha, usiruhusu kitu cha ukoo wa kivuli kiwe na mwangaza sawa na kitu cha ukoo wa mwanga. Hapa akili hudanganya kwa nguvu. Unajua ukuta ni mweupe, kwa hiyo unaupaka mweupe hata ulipo kivulini, ilhali ukiufinyia macho utakuta mara nyingi ni mweusi kuliko barabara ya vumbi inayopigwa na jua. Siku utakapouamini ule ukuta "mweupe" kuwa ni wa kijivu cha zambarau, picha zako zitaanza kuwaka.

Kivuli kina rangi gani?

Kina rangi ya kile kinachokiangazia. Mahali palipokingwa jua bado panapata mwanga, ila kutoka kwingine: anga, ardhi, ukuta wa mkabala. Siku ya anga safi, kivuli kilicholala chini kinatazama juu kwenye buluu, kwa hiyo kinaelekea buluu. Kivuli cha chini ya penu kinatazama ardhi, kwa hiyo kinapata joto la udongo uliomulikwa. Jengo moja linaweza kuwa na vivuli vya rangi mbili tofauti, cha buluu chini na cha chungwa juu, na ukiviona hivyo umeshavuka hatua kubwa.

Sehemu nyingine ya jibu imo ndani ya jicho. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia idara ya rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, alichapisha mwaka 1839 maelezo ya jinsi rangi mbili zinazopakana zinavyobadilishana mwonekano. Kila moja huisukuma jirani yake kuelekea rangi iliyo kinyume chake. Kijivu kikikaa kando ya chungwa huonekana cha buluu bila kutiwa buluu hata tone. Kwa hiyo, usikimbilie kupaka vivuli vyote ultramarini. Weka kijivu kwanza, kipakanishe na rangi ya jua, kisha tazama tena.

Kwa nini milima ya mbali huwa ya buluu, na mbona yangu haionekani mbali hata nikiipaka buluu?

Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Lord Rayleigh alieleza kanuni yake mwaka 1871. Kati yako na mlima kuna kilomita nyingi za hewa inayong'aa kwa buluu hiyo hafifu, na hewa hiyo inalifunika giza la mlima kama shela. Vitu vyeupe vya mbali hufanyika kinyume: theluji au wingu la upeoni hupoteza buluu njiani na kukufikia likiwa na manjano au waridi kidogo.

Ama mlima wako kutokwenda mbali, sababu karibu kila mara ni tofauti ya mwanga na giza, wala si rangi. Umbali hula tofauti hiyo kabla ya kitu kingine. Mlima wa mbali unaweza kuwa na mwanga na kivuli, lakini viwili hivyo vikikaribiana sana. Ukiupaka buluu nzuri huku mabonde yake ukiyatia giza kama la mti ulio mbele yako, mlima utarudi kusimama karibu.

Angalia pia hewa ya siku yenyewe. Vumbi na ukungu vina chembe kubwa zinazotawanya rangi zote kwa pamoja, ndiyo maana siku hizo umbali huwa mweupe au wa kijivu. Buluu ya mbali si sheria ya kupaka bila kutazama.

Jua linahama na vivuli vinageuka. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lililowashinda wengi, na jibu lake ni nidhamu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Ndani ya saa mbili kivuli cha mnara kimeshahamia jengo jingine. Ukikifuata, yaani ukirekebisha kushoto saa tatu na kulia saa tano, utapata picha yenye majua mawili, na mtazamaji ataisikia kasoro hata asipoweza kuitaja.

Fanya hivi. Dakika tano za mwanzo, chora mipaka ya vivuli vyote kwa mstari mwepesi. Kisha usiviguse tena, hata vikigeuka vipi. Baada ya hapo unachotazama mbele yako ni rangi, muundo na maelezo. Mahali pa vivuli pameshaamuliwa. Saa mbili ni kikomo kizuri kwa katikati ya asubuhi au alasiri. Ukitaka zaidi, funga kazi na urudi kesho saa ile ile, au beba turubai ya pili.

Jioni muda ni mfupi zaidi, na unategemea ulipo duniani. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na baada ya kuzama giza hufunga kwa dakika ishirini na ushei. Nchi za kaskazini ya mbali, wakati wa kiangazi, jua huteleza kwa mshazari na utusitusi huchukua saa nyingi. Aliyejifunza kuchora machweo upande mmoja hushangaa anapofika mwingine. Panga ukubwa wa picha kwa kufuata hilo: machweo ya dakika ishirini yanatosha karatasi ya ukubwa wa kiganja.

Saa gani ya siku ni bora?

Jua likiwa chini, asubuhi na jioni, mwanga hupita kwenye hewa nyingi zaidi, hupungukiwa buluu, na hukufikia ukiwa wa dhahabu. Vivuli hurefuka na kila kijiwe kinaonekana. Ni saa tamu, lakini fupi.

Siku ya mawingu ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Mwanga hukaa vile vile kwa saa nyingi, rangi za vitu huonekana kwa ukweli wake, na hakuna kivuli cha kufukuza. Adhuhuri watu huikimbia bure: ni wakati huo ambapo ardhi iliyomulikwa hurusha joto lake chini ya mapenu na madaraja.

Nachoraje mawingu yasiyotulia?

Chora mengi, upesi, na madogo. John Constable alichora makumi ya mawingu kwa rangi za mafuta huko Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, na nyuma ya mengi aliandika tarehe, saa na upande wa upepo. Iga desturi hiyo. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na kamusi yako ya anga.

Kumbuka mambo mawili. Mawingu nayo hufuata kanuni za umbali: juu ya kichwa chako ni makubwa, na kadiri yanavyokaribia upeo yanakuwa madogo, bapa na yenye kubanana. Pia anga ndiyo taa ya mandhari yote, hivyo iamue mapema. Nyasi zilizopakwa kabla ya anga huwa za siku nyingine.

Na taswira majini?

Taswira hushuka wima kuja kwako, haiendi mshazari kama kivuli. Kwa kawaida kitu cheusi hutokea majini chepesi kidogo, na cheupe hutokea cheusi kidogo. Tena maji hayanakili unachokiona: yanaonyesha kitu kama kionekanavyo kutoka chini, ndiyo maana ndani ya maji utaona tumbo la daraja ambalo ukilitazama moja kwa moja hulioni.

## Mjini

Majengo yangu yanaonekana kama yanaanguka. Nakosea wapi?

Tafuta kwanza upeo wa macho, yaani mstari ulio kwenye kimo cha macho yako, hata kama umefichwa na majengo. Mistari yote ya ulalo iliyo juu yake hushuka kuuelekea kadiri inavyokwenda mbali. Iliyo chini yake hupanda. Mistari iliyo sambamba hukutana kwenye nukta moja ya mstari huo. Filippo Brunelleschi aliionyesha kanuni hiyo kule Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na bado haijachakaa. Nguzo na kona za majengo zibaki wima kabisa. Hapo ndipo "kuanguka" kunapoanzia.

Barabara ya mlima huwachanganya hata wazoefu. Paa na madirisha ya majengo ni ya ulalo, kwa hiyo yanaelekea kwenye upeo wa macho kama kawaida. Barabara yenyewe inapanda, kwa hiyo nukta yake iko juu ya upeo. Ikishuka, nukta yake iko chini. Ukizipeleka barabara na paa kwenye nukta moja, mlima unatoweka.

Lazima nichore kila dirisha?

Hata kidogo. Mwaka 1897 Camille Pissarro alikodi chumba cha hoteli jijini Paris na kutoka dirishani akachora picha 14 za Boulevard Montmartre: asubuhi, mchana, mvua, ukungu, usiku. Madirisha ni mipigo ya brashi tu, watu ni vidoa, na bado unasikia mtaa ukivuma.

Chagua madirisha matatu au manne yaliyo pale unapotaka jicho litue, uyape umbo. Mengine yaache kama mpigo wa brashi unaofuata mstari wa paa. Mchana dirisha hutokea jeusi au huakisi anga; mara chache sana huonekana jeupe.

Watu hawasimami. Nawawekaje?

Mwishoni, na kwa madoa matatu: kichwa, kiwiliwili, miguu inayochongoka. Kosa la kawaida ni kichwa kikubwa; kichwa ni takriban sehemu moja ya saba au ya nane ya kimo. Kama umesimama kwenye ardhi tambarare, vichwa vya watu wazima wote, wa karibu na wa mbali, vitakaa karibu na upeo wa macho. Ni miguu tu inayopanda kadiri wanavyokwenda mbali. Kanuni hii moja huujaza mtaa watu bila kupima hata mmoja.

Mji baada ya mvua una siri gani?

Barabara inakuwa kioo kibovu. Taswira za taa na majengo hurefuka kuelekea chini kwa sababu mawimbi madogo ya maji na mikwaruzo ya lami huzivuta. Vuta rangi wima kwanza, kisha katiza kwa mistari michache ya ulalo. Vivuli vikali hakuna. Gustave Caillebotte, kwenye picha yake ya mwaka 1877 ya mtaa wa Paris siku ya mvua, aliufanya mng'ao wa mawe ya barabara ubebe nusu ya picha, na miavuli ikatulia ndani ya mwanga wa kijivu usio na kivuli.

Nawezaje kuchora usiku wakati sioni rangi ninazochanganya?

Vincent van Gogh alikutana na tatizo hilo Arles mwezi Septemba 1888, alipochora mkahawa wenye taa papo hapo, usiku. Alimwandikia dada yake kwamba gizani anaweza kudhani buluu ni kijani, lakini akaona hiyo ni bora kuliko usiku mweusi, mfu, uliozoeleka.

Jicho lenyewe hubadilika. Mwanga ukipungua, nyekundu hugeuka giza kabla ya rangi nyingine, na buluu na kijani hubaki zikionekana. Kwa hiyo panga rangi zako kwa mpangilio ule ule kila siku ili mkono ujue zilipo, na uwe na taa ndogo nyeupe inayomulika turubai na rangi kwa kiasi sawa. Isiwe kali, ikizidi, mtaa ulio mbele yako utakuwa shimo jeusi.

Taa za barabarani zitie nyeupe kidogo tu katikati na uizungushie rangi yake iliyofifia. Njia nyingine ni ya James McNeill Whistler, aliyezichora picha zake za usiku kwa kumbukumbu. Nimeieleza kwenye swali la kumbukumbu hapo chini.

## Safarini na baada ya kurudi

Nibebe nini, na ndege zinaruhusu rangi?

Beba kidogo: daftari la michoro, penseli, kisanduku cha rangi, brashi tatu, chombo cha maji, kitambaa, kofia. Rangi unazochora nazo nje leo ni urithi wa tyubu ya bati, aliyoisajili John Goffe Rand, Mmarekani, mwaka 1841. Kabla yake rangi za mafuta zilibebwa kwenye vibofu vya nguruwe vilivyopasuka na kukausha rangi.

Tapentaini na viyeyushi vingine vinavyowaka havipandi ndege. Vinunue unakokwenda, au tumia rangi za mafuta zinazochanganyika na maji. Rangi zenyewe kwa kawaida huwekwa kwenye mzigo wa chini ya ndege, pamoja na karatasi ya mtengenezaji inayoeleza usalama wake. Uliza shirika lako kabla ya kufunga mzigo.

Nina dakika 15 tu kabla ya basi kuondoka. Inafaa kuchora?

Inafaa sana. Chora mstatili wa ukubwa wa kisanduku cha kiberiti na uujaze ngazi nne tu: nyeupe, kijivu chepesi, kijivu kizito, nyeusi. Pembeni andika rangi kwa maneno yako mwenyewe: "paa kama ndizi mbivu, kivuli chake kama majivu mabichi." Maneno hayo yatakurudishia zaidi ya picha ya simu.

J. M. W. Turner alipofika Venice mara ya kwanza, mwaka 1819, alijaza madaftari kwa michoro ya penseli na kuchora kwa rangi za maji mara chache sana. Picha zake za mafuta za mji huo zilianza kuonekana mwaka 1833.

Naweza kuchora kutoka picha za simu?

Ndiyo, ukizijua hila zake. Simu hurekebisha weupe yenyewe, na kwa kufanya hivyo hulifuta lile chungwa la jioni lililokusimamisha njiani. Huvitia vivuli mwanga hadi koo mbili za hapo juu zikachanganyika, au huviacha vyeusi ti. Lenzi pana huusukuma mlima mbali na kuyalaza majengo.

Piga mbili, moja kwa ajili ya anga na nyingine kwa ajili ya kivuli, na uzitumie kukumbuka maumbo. Rangi ichukue kwenye maandishi yako au mchoro mdogo uliochora papo hapo.

Nawezaje kuizoeza kumbukumbu kushika rangi?

Whistler alikuwa akitazama mto na taa zake, kisha anageuka na kumtajia aliyefuatana naye kila alichokiona, kwa mpangilio. Akikosea, anatazama tena. Asubuhi anachora. Jaribu hivyo dakika tatu kwa siku. Baada ya wiki chache utashangaa unavyokumbuka ni kipi kilikuwa cheusi kuliko kipi, jambo ambalo ndilo kumbukumbu inayohitajika.

Picha niliyoichora nje iling'aa, ndani imekuwa giza. Kwa nini?

Jua liliipiga turubai ulipokuwa unachora. Chini ya jua kila rangi huonekana nyepesi, kwa hiyo mkono unaikoza zaidi. Hakikisha turubai na ubao wa kuchanganyia viko kivulini, vyote viwili, wala si kimoja.

## Mambo yenye utata

Nimechora kwa kutumia picha ya mtu niliyoikuta mtandaoni. Naweza kuiuza?

Bila ruhusa ya mpiga picha, usiiuze. Kuigeuza kuwa rangi za maji hakuifanyi iwe yako, na "nimebadilisha kidogo" si kinga ya kuaminika. Kuna pia majengo: nchi nyingi huruhusu kuchora jengo linaloonekana kutoka barabarani, lakini si zote zinaruhusu biashara. Ufaransa, kwa mfano, sheria ya mwaka 2016 iliacha matumizi ya kibiashara ya kazi za wasanifu ambazo bado zina hakimiliki nje ya ruhusa hiyo. Soma sheria ya nchi husika kabla ya kuchapisha nakala.

Rangi zangu zitafifia?

Baadhi zitafifia. Kwenye barua zake za 1888 Van Gogh alizieleza kuta za chumba chake cha kulala kuwa za zambarau hafifu. Leo tunaziona za buluu, kwa sababu nyekundu aliyoichanganya humo imekufa kwa mwanga. Soma tyubu: alama ya uimara wa mwanga ya I au II kwenye mfumo wa ASTM (shirika la viwango la Marekani) inafaa. Picha za rangi za maji ziweke nyuma ya kioo, mbali na jua la dirishani.

Picha ya mafuta bado mbichi na nasafiri kesho. Nifanyeje?

Chukua mbao mbili za ukubwa mmoja, zitazamanishe, weka vipande vya kizibo kwenye kona nne ili nyuso zisigusane, kisha funga kwa kamba. Vanishi ya mwisho subiri miezi sita au zaidi. Vitambaa vyenye mafuta ya mbegu za kitani usivirundike: vinapokauka hutoa joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

Naruhusiwa kuhamisha mti, au kulifuta jengo linaloniharibia?

Ndiyo. Canaletto, ambaye watu walinunua picha zake kama kumbukumbu za Venice, aliyasogeza majengo na kuunganisha mitazamo ambayo huwezi kuipata ukisimama mahali pamoja. Mto upinde, nguzo ya umeme iondoke, mnara usogee kushoto.

Jua ndilo lisiloguswa. Ukihamisha mti, hamisha na kivuli chake, kwa upande ule ule na urefu unaolingana na vingine. Uliza pia ule mti ulikuwa unakinga nini: huenda ukuta uliokuwa baridi nyuma yake sasa unapigwa na jua, na njia iliyokuwa na mwanga sasa ina kivuli kipya cha buluu. Yarekebishe hayo kwanza, kabla ya kuchora jani hata moja la mti mahali pake papya.